Bangili Iliyooshwa kwa Magadi

Beseni la kusuuzia lilianza kunukia udi siku ya Jumatano, na katika nyumba ya Hellena, pale Kizwite, hakuna aliyewahi kuchoma udi. Hellena ni Mkatoliki, mzaliwa wa Msanzi, mumewe Theodory ni seremala, na chumba cha uani ambamo Hellena huchovya vito vya watu dhahabu kina harufu mbili tu tangu kijengwe: siki na asidi. Alinusa maji. Akanusa vidole vyake. Kisha akacheka peke yake na kusema kweli mama Shamimu anajipaka marashi makali.

Maana bangili aliyoisuuza ilikuwa ya mama Shamimu, yaani Mwasiti, mke wa Mwinjuma mwenye malori. Alikuwa ameileta asubuhi ile ndani ya kitambaa cheusi. Ilikuwa bangili nene ya fedha, nakshi zake zimejaa weusi. Shamimu alikuwa anaolewa Ijumaa na kupelekwa Mtowisa, kule bondeni, na mama mtu alitaka ichovywe dhahabu, ing'ae mkononi mwa bibi harusi.

"Hii ya zamani kweli, mama Shamimu. Ya nani?"

"Ya nani tena? Nilinunua tu Mbeya," Mwasiti alijibu, macho yakiwa kwenye simu. "We chovya."

Mimi ningemwuliza mara ya pili. Mtu anayenunua bangili Mbeya haifungi kitambaa cheusi na kuishika kwa ncha za vidole. Lakini Hellena ni fundi, na fundi akiona kazi nzuri hasikii tena.

Kwenye kuchovya, kazi kubwa ni usafi, dhahabu yenyewe huja mwishoni. Haishiki penye mafuta, hata yawe ya kidole kimoja. Hellena aliichemsha bangili kwenye maji ya magadi, akaisugua kwa mswaki mpaka ndani ya kila nakshi, akaipitisha kwenye asidi, akaisuuza kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi. Ulitoka uchafu mzito, mweusi, kama masizi ya sufuria ya kuni. Ulikuwa moshi wa miaka na miaka. Kisha akaitundika kwenye waya mweusi wa chaja, ule mwekundu akaubana kwenye kibati cha kupitishia umeme, akaizamisha ndani ya dawa ya dhahabu na kutazama weupe ukigeuka njano taratibu. Ilitoka bila doa. Mwasiti alipoifuata jioni alifurahi hadi akamkumbatia.

Ijumaa adhuhuri Hellena alikuwa chumbani mle akimalizia hereni za mteja mwingine.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye adabu zake. "Karibu," aliitikia, akageukia uani. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kanga kwenye kamba na upepo wa Julai.

"Hodi."

Safari hii aliisikia vizuri. Ilitoka nyuma yake, kando ya meza, mle mle ndani.

Wakati huohuo Monika akaanza kulia kwenye nyumba kubwa. Monika ndiye mwanawe wa pekee, ana miezi minane, na saa yake ya kunyonya ilikuwa imefika. Hellena alivua glovu, akaharakisha mlangoni, na mguu wake haukuvuka.

Haukuwa umekufa ganzi. Aliweza kurudi nyuma, kukaa, kuinuka, kuruka hata. Ila kila alipounyanyua mguu na kuufikisha kwenye kizingiti, uligota, na alipojaribu kwa mkono nao ukagota, ilhali mlango ulikuwa wazi kabisa na yeye anauona ua wote.

Theodory aliporudi alimkuta amekaa chini, analia. Alimshika mikono akiwa nje, akavuta, na Hellena akapiga yowe kwa jinsi bega lilivyotaka kung'oka.

"Niache, baba Monika. Utanikata vipande."

"Sasa mtoto?" Theodory alinong'ona. "Anakutaka. Nimlete humo?"

"Usithubutu! Asivuke hapa!"

Sheria hiyo aliiweka mwenyewe tangu Monika azaliwe, kwa ajili ya zile dawa za sumu. Sasa ilikuwa na sababu nyingine, nayo hakuthubutu kuitamka: je, mtoto akiingia, atatoka?

Katekista Loth alikuja Jumamosi, akasali naye akiwa nje, akanyunyiza maji ya baraka, na Hellena akapata usingizi wa saa mbili. Lakini mguu haukuvuka. Alikula kwa sahani iliyosukumwa kizingitini, akajisaidia kwenye ndoo kama mfungwa, na aibu ile ilimuuma karibu sawa na woga. Jumapili ilikuwa mbaya kupita zote, kwa sababu maziwa yalikuwa yamemjaa hadi kifua kinawaka moto, na kila Monika alipoukataa uji na kulia kule nyumbani maziwa yalitiririka yenyewe yakalowesha blauzi, na kila yalipotiririka ile harufu ya udi ilimsogelea, kwanza toka kwenye beseni, halafu toka mezani, halafu toka begani kwake kabisa, na ile sauti ikabisha hodi sikioni mwake kwa upole uleule, wala haikukasirika, wala haikuchoka, kama mtu aliyeachwa barazani usiku kucha na ambaye bado anaamini mwenye nyumba atamfungulia. Hellena alijikunyata pembeni, akaziba masikio, na bado akaisikia, na kwa mara ya kwanza ikasema neno zaidi.

"Aliyenifungia nje, nami namfungia ndani."

Jumatatu Theodory alimleta Mwalimu Abuu, mzee wa madrasa ambaye watu wa dini zote humwendea wakikwama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeosha nini humo?"

Hakumwuliza ameona nini. Hellena alimweleza juu ya bangili, na mzee akamwita Mwasiti. Mwasiti alisimama uani, kidevu kifuani.

"Ilikuwa ya bibi yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ina mgeni wake. Kila Ijumaa inafukizwa udi na kunyunyiziwa marashi. Maji hayaigusi kabisa. Bibi alipofariki nikaachiwa mimi."

"Kwa nini hukuniambia?" Hellena aliuliza toka ndani.

"Ungekataa. Na wale wakwe wa Mtowisa wangeiona nyeusi vile wangesema tuna majini. Nilitaka ifanane na za wenzetu, basi."

Abuu alitikisa kichwa. "Nyumba yake imesuguliwa harufu yote, halafu ikafunikwa dhahabu. Hana pa kuingilia. Iletwe."

Lori la Mwinjuma liliteremka bondeni, likarudi na bangili Jumanne mchana. Dhahabu inavuliwa vilevile inavyovishwa, kwa kubadilisha waya tu: kitu kiende kwenye mwekundu, kibati kwenye mweusi. Hellena peke yake ndiye aliyeijua kazi hiyo. Udi nao, Abuu alisema, lazima ufukizwe na mwenye bangili. Kwa hiyo Mwasiti akaingia na chetezo cha makaa, akapiga magoti kando ya meza.

Hellena alibana waya na kuwasha chaja. Manjano yalianza kupungua kwenye nakshi, yakapungua kingoni, na fedha ikatokea nyeupe, uchi. Akaisuuza, akampa mwenyewe. Mwasiti aliizungusha juu ya moshi mara nyingi, akaimwagia marashi, akaivaa mkononi kama bibi yake alivyoivaa.

"Hodi."

Waliisikia wote, hata Theodory aliyekuwa mwisho wa ua na mtoto begani.

"Mwitikie," Abuu alinong'ona.

"Kari... karibu," alisema Mwasiti.

Moshi uliokuwa ukizagaa chumbani ukavutwa wote ndani ya bangili mkononi kwake, ukaisha. Hellena alitazama kizingiti, akaunyanyua mguu, ukavuka.

Alitoka mbio akianguka na kuinuka, akamnyakua Monika, akakaa juani na kumpa ziwa. Alilia kwa sauti, hakumwonea mtu haya. Theodory alimfunika mabega kwa koti lake.

Ndipo Mwasiti alipojikusanya, akachukua chetezo chake na kufika mlangoni. Aliunyanyua mguu. Akaurudisha. Akajaribu na ule mwingine, akitabasamu kidogo, kama mtu aliyekanyaga vibaya. Kisha tabasamu likamtoka.

"Mwalimu?"

Abuu alikuwa amekwisha kuinamisha macho. "Fundi alitumwa tu," alisema polepole. "Mgeni hakumjua aliyemtuma kumfungia nje. Sasa umemwitikia, ameijua sauti yako."

"Mama Monika!" Mwasiti alinyoosha mkono hadi pale hewa ilipougotesha. "Mama Monika, njoo unishike. Njoo ndani unisukume, tafadhali. Wewe unajua kulivyo humu."

Hellena alijua. Alimtazama Mwasiti usoni, akamhurumia kwa moyo wote, halafu akamhamishia Monika ziwa la pili na kubaki amekaa.