Viungo Ishirini na Vinane

Vifungo vilimwagika sakafuni saa tano asubuhi, duka la vitambaa limejaa watu pomoni, na mwenye vifungo, fundi cherehani mwenye gauni la zambarau, akabaki anaviangalia tu. Aliinama kuokota kimoja, vidole vikagoma. Jamani, kifungo cha shati! Kitu alichokishika tangu utoto!

"Msikanyage! Msikanyage, tafadhali!" Mwanamume mmoja, kola ya shati imemgeuka upande mmoja, alishapiga magoti katikati ya miguu ya wateja, anaokota huku anahesabu kwa sauti. "Thelathini na tano. Ulinunua vingapi?"

"Dazeni tatu."

"Basi kimoja kimetukimbia."

"Ahsante, Bwana Hesabu. Hicho nimekisamehe."

"Mimi sijakisamehe. Nipe namba yako, nikikipata nikupigie."

Jioni ile ile simu ikalia.

"Fundi, nimekipata! Kilikuwa kwenye pindo la suruali yangu."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Haki ya Mungu! Nikuletee lini?"

Akaja kesho yake, kifungo kakisahau nyumbani. Akaja Jumamosi, kakisahau tena. Wiki sita anakisahau kifungo kimoja, na fundi kila mara anamwambia, "Basi itabidi urudi, mpenzi," na wote wawili wanacheka kama watoto. Akiulizwa anafanya kazi gani, hujibu kwamba yuko hospitalini, anahesabu. Fundi alidhani ni karani wa stoo.

Naye fundi alikuwa na lake moyoni. Mikono ya magauni yake yote alikuwa ameishona mirefu, inafunika mpaka nusu ya kiganja, maana mwaka wa pili sasa baridi yabisi ilikuwa imemvamia viungo. Mchumba wake wa zamani, alipoambiwa kuwa ugonjwa huo ni wa kudumu, aliaga kuwa anakwenda kuazima mwavuli, na hajarudi hadi leo. Fundi akaapa kwamba huyu wa sasa hataujua mapema.

Siri hiyo ilikuwa inampeleka hospitalini kila mwezi. Alijiandikisha kwenye utafiti wa dawa mpya: nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu, na hakuna aliyejua kapewa kipi. Kila mwezi nesi mmoja mtu mzima alimbonyeza viungo ishirini na vinane, kuanzia mabega mpaka magoti, akiuliza neno moja tu, "Inauma?", na kuandika. La ziada hakuruhusiwa kuuliza. Mwezi wa nne wa utafiti, asiyepata nafuu angepewa dawa yenyewe, bila bahati nasibu.

Mwezi wa tatu akafungua mlango wa chumba cha vipimo. Nesi yuko likizo. Kwenye kiti chake, ndani ya koti jeupe, ameketi Bwana Hesabu.

Loo! Walitazamana. Mwanamume akainamia karatasi, kisha akamshika kifundo cha mkono na kubonyeza.

"Inauma?"

Iliuma mpaka kisogoni. "Hapana."

"Inauma?"

"Hata kidogo."

Akamjibu hapana mara ishirini na nane, anatabasamu, mgongo umelowa jasho. Mwanamume akaandika kila jibu bila kutabasamu. Jioni hiyo simu haikulia. Siku ya tatu fundi akapiga mwenyewe.

"Mpenzi, siwezi kuzungumza nawe kwa sasa," akajibiwa kwa sauti ya chini. "Nivumilie wiki chache. Nakuomba."

Fundi akaitupa simu juu ya vitambaa. "Dada," alimwambia dada yake aliyekuwa akishona naye, "na huyu naye kaenda kuazima mwavuli."

Akalia siku mbili nzima. Mwezi wa nne ulipofika alisema hospitalini haendi ng'o.

"Utakwenda!" dada akafoka. "Mwanamume si wako, sawa. Mikono nayo si yako? Mkasi umeshindwa kuushika tangu juzi, unadhani sikuoni?"

Akaenda, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Nesi alikuwa amerudi.

"Mwanangu, karatasi ya mwezi uliopita tumeifuta."

"Kwa nini?"

"Kamuulize aliyeijaza. Yuko getini tangu saa mbili. Lakini kwanza tumalize, maana leo ndiyo siku inayoamua dawa." Akambonyeza kifundo. "Inauma?"

Fundi alizoea kusema hapana, neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza. Akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko.

"Inauma, mama. Inauma sana."

Getini palikuwa na benchi, na juu yake mtu mwenye kola iliyogeuka.

"Vingapi?" akauliza, kasimama.

"Kumi na tisa."

"Na mimi niliona kumi na tisa vimevimba, na wewe unaniambia hakuna! Ningeiacha karatasi ile, wangesema umepona, dawa ungeikosa. Nikaenda kwa mkuu wa utafiti, nikamwambia: huyu nampenda, na ananificha maumivu kwa ajili yangu, nitoeni. Wakanitoa kwenye utafiti mzima. Wakanikataza kuzungumza nawe mpaka upimwe upya."

"Nilijua umeniona mikono, ukanikimbia."

"Kukimbia? Mikono yako ndiyo iliyoninyima usingizi." Akatoa kifungo mfukoni. "Leo sikukisahau."

"Kaa nacho. Usije ukakosa sababu ya kurudi."

Akacheka, akamvua utepe shingoni, akauzungusha taratibu kwenye kidole cha pete cha fundi, kilichovimba kuliko vyote.

"Unafanya nini wewe?"

"Napima pete."

"Laazizi, leo kimevimba. Ngoja dawa ifanye kazi, kikonde kidogo."

"Nataka kipimo cha leo. Siku ikikupwaya utaizungushia uzi, wewe si fundi? Pete isiyoingia siku mbaya ya kazi gani?"

Mwanamume akakishika kile kidole, akakibonyeza kidogo sana.

"Inauma?"

"Inauma," akasema, machozi yakimtiririka, na mkono hakuutoa.