Besi ya Marehemu Mulongo

Jumamosi hiyo jua liliwaka vizuri mtaani Mbotela, nguo zimejaa kwenye kamba, lakini Nyongesa alikuwa amefura kwa hasira. Kesho yake kwaya ya kanisa aliyoiongoza ilikuwa inashindana, na waimbaji wa besi walikuwa bado wanapapasa gizani. Mzee wa kanisa alishamwambia waziwazi: akishindwa tena, uongozi unakwenda kwa msaidizi wake, Ayuma. Wimbo ulikuwa kwenye kaseti ya kwaya ya mbali, na besi yake haikushikika bila iafoni nzuri za kuvaa masikioni.

Alikuwa na jozi mbili. Basi akachomeka za kwanza kwenye wokmani yake, redio ndogo ya kaseti ya mkononi. Zilikwaruza kama mtu anayesugua sufuria. Waya ulishikiliwa na selotepu. Ukigeuza shingo tu, sikio moja linazima. Za pili zilipendeza macho, lakini zilivuma tu, maneno yote yakazama.

"Takataka!" akafoka.

Zilibaki za kaka yake Mulongo, mwimbaji wa besi aliyezikwa mwezi uliopita. Zilikuwa sandukuni kwa mjane wake, Triza, aliyekaa mlango wa pili kutoka kwake.

"Shemeji, hizo wacha," Triza akamwambia. "Vitu vyake havijagawanywa. Ngoja wazee waje kutoka kijijini."

"Wazee ni mwezi ujao, mashindano ni kesho!"

"Hata kujaribu, usijaribu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Triza alipotoka kununua sukuma wiki, Nyongesa akaingia kwake na wokmani na iafoni zake, akafungua sanduku.

Na zilikuwa iafoni, jamani! Waya mnene, vichwa vya chuma, zikakaa masikioni kana kwamba alipimiwa. Besi ikatoka neno kwa neno. Nyongesa akacheka peke yake kwa furaha.

Kisha mwimbaji wa besi kwenye kaseti akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Cha Mulongo.

Akarudisha kaseti nyuma, akachomeka zile za selotepu. Hakuna kikohozi. Zile za kuvuma. Hakuna. Akarudia za Mulongo.

"Umefungua sanduku," besi ikanong'ona. "Mbona hukungoja?"

Akazima. Sauti ikaendelea. Akatoa betri. Ikaendelea. Akazing'oa masikioni, akazitupa sandukuni. Sasa iliimba ndani ya sikio lake la kulia.

Kesho yake besi waliimba barabara, kama alivyowafundisha jioni ile. Aliyeharibu ni yeye. Mulongo aliimba sikioni mwake, nyuma kidogo ya wengine, na mkono wa Nyongesa ukamfuata Mulongo. Soprano wakamaliza ubeti, tenori wangali njiani. Kwaya ikavurugika mbele ya kanisa zima.

"Ni Mulongo!" akawaambia nje, karibu kulia. "Anaimba kwa sikio langu!"

Watu wakatazama viatu vyao. Siku hiyohiyo Ayuma akapewa uongozi.

Siku chache baadaye Phares, fundi aliyerekodi mashindano, akaleta kaseti mazoezini. Wakaiweka kwenye redio ya kanisa. Nyuma ya kwaya ilisikika besi moja nzito, inachelewa, inakohoa. Wimbo ukaisha, makofi yakapigwa. Besi ikaendelea peke yake.

Waimbaji wote wakageuka nyuma. Nyongesa aliketi benchi la nyuma na uchungu wake. Sasa walimwamini, na haikumsaidia chochote.

Kaseti ikafika mwisho. Ayuma akaigeuza upande wa pili.

"Huko sikurekodi kitu," Phares akanong'ona.

Besi ikaanza ubeti wa kwanza.