Posa ya Mtoto wa TV

"Ona! Ona hayo machozi! Si niliwaambia huyu ni supastaa?"

Mjomba Bernard alipiga makofi, na sebule yetu yote pale Wusi ikaangua kicheko. Familia ya Lewis ilikuwa imepanda kutoka Voi kuja kuniposa. Mjomba alikuwa ameniuliza mbele ya watu, kama inavyotakiwa:

"Abigael, tuwapokee hawa wageni?"

Nikasema hapana. Nikalia. Wakanishangilia!

Shida yangu ni hii. Nikiwa na miaka minane niliigiza yatima kwa TV, na nikilia, nchi nzima inalia. Nikaota chunusi, wakatafuta mtoto mwingine, nami nikaishia kusuka watu nywele Voi. Lakini mpaka leo hakuna anayeamini chozi langu. Hata kwa mazishi ya baba, mama mmoja aliniomba selfie nikiwa kando ya jeneza.

"Mjomba, siigizi! Lewis amempa Rita mimba. Rita, mdogo wangu! Asubuhi nimesoma meseji ya Lewis kwa simu ya Rita: 'Vumilia mpenzi, harusi ikipita nitawatafutia wewe na mtoto nyumba.'"

"Iko wapi hiyo meseji?" mama yangu akauliza.

"Ameshaifuta."

Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Rita, sinia ya chai mkononi, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Abi, hata mimi unanitia kwa maigizo yako jameni?"

Lewis akaniinamia sikioni. Huyo mwanaume nilimpenda, Mungu anajua.

"Lia mpaka kesho, supastaa. Nani atakuamini?"

Hapo nikajipangusa uso. Maigizo ndiyo mnataka? Haya.

"Nilikuwa nawachezea tu!" nikacheka. "Nimekubali. Wapokelewe!"

Vigelegele! Nikamwekea Rita mkono begani, nikaongea kwa upole, ila kila mtu asikie.

"Usiogope mdogo wangu, sina kinyongo. Lewis ameniambia ukweli. Ati hiyo mimba ni ya makanga fulani wa matatu, na wewe unambandikia tu."

Sinia ikaanguka.

"Lewis! Umesema nini?"

"Rita, nyamaza."

"Ninyamaze? Si ni wewe uliniambia nisitoe? Si ulisema Abi ni wa kupiga naye picha tu, mimi ndiye wa moyo? Mbwa wewe!"

Mamake Lewis akaweka kikombe chini. Nikamtazama Lewis akitokwa na jasho, na siwadanganyi, nilisikia raha.

Raha yenyewe haikudumu. Mjomba akakohoa, akanyoosha koti.

"Sasa jamani, mbuzi ashachinjwa, kimanga imeshapondwa iko tayari. Hawa watu tutawarudishaje Voi mikono mitupu? Rita, tuwapokee?"

Rita akafuta makamasi, akanitazama usoni.

"Tuwapokee."

Mama akainuka. Akaivua leso ya posa mabegani mwangu, akamfunika Rita, akaikaza vizuri.

"Mama! Na mimi je?"

"Wewe una jina, Abi. Rita ana mimba."

Nikamgeukia Lewis, nikingoja aseme hata neno moja. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nyuma yangu nikamsikia Mjomba akiwaita watu wanawe mikono.