Vidonge vya Twiga

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia ua, nikachota maji, kisha nikatandika kitanda tulicholala wawili. Mwenzangu alikuwa Twiga, binti wa mama mdogo, aliyehamia kwetu mwanzoni mwa muhula. Mpira wa pete nilianza mimi. Yeye akaja na miguu yake mirefu, mwalimu akampa nafasi yangu ya ufungaji. Nilimwonea wivu, sifichi. Hata madaftari yake yaliyojaladiwa vizuri yalinikera.

Alipougua kifua ndipo roho iliponiuma kabisa. Daktari wa zahanati alimpa vidonge vya rangi mbili, kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku saba. Mama ni fundi cherehani, na akishona humwiti akakusikia. Sasa aliacha kushona kila Twiga alipokohoa.

"Mwanangu, umekunywa maji?"

Mwanangu! Kisigino changu kilikuwa kimechubuliwa na kiatu hadi kikawa kidonda, na hakuna aliyeniuliza lolote.

"Wewe ndiye mkubwa," mama aliniambia akinikabidhi pakiti. "Usimrukishe hata kimoja."

Siku ya nne, Jumatatu, Twiga aliamka akiimba. Homa ilikuwa imeshuka. Mechi ilikuwa Jumamosi, nami nilikuwa bado nachechemea. Nikakumbuka kwamba watu wengi mtaani hufungua vidonge kama vile na kunyunyizia unga wake kwenye vidonda.

"Umeshapona. Ulivyomeza vinatosha," nilimwambia.

"Lakini dada, daktari alisema siku saba."

"Kwani umekuwa daktari wewe?"

Akajifunika shuka. Nikawa navipasua kimoja kimoja na kumwaga unga kisiginoni. Mama akiuliza, "Umempa?" nilijibu bila kupepesa macho, "Nimempa."

Ijumaa homa ilirudi. Twiga alikohoa mpaka akashika mbavu. Kusema kweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba sasa nitafunga mimi. Lakini kesho yake kisigino kilikuwa kimevimba, kiatu hakikuingia. Mama akatupeleka zahanati sote.

"Alimaliza dozi?" daktari aliuliza.

"Kabisa, daktari. Mkubwa wake ndiye aliyempa," mama alisema kwa fahari.

Twiga alitazama sakafu. "Nilimeza vyote."

Daktari alikunja uso. "Basi dawa imeshindwa, vijidudu ni sugu. Itabidi tumpeleke hospitali akapewe dawa kali ya sindano, ile tunayowawekea akiba wagonjwa mahututi."

Nilimgeukia Twiga. Angechomwa sindano ya wagonjwa mahututi kwa uongo wangu!

"Hakumaliza," nilisema, machozi yakinitoka. "Nilivichukua mimi. Nilivimwaga kwenye kidonda."

Mama aliniangalia kama mtu asiyenijua. Daktari alimpima Twiga upya, taratibu, kisha akaweka kipimo chake cha kifua mezani.

"Afadhali umesema. Kumbe dawa haikupewa nafasi. Tutaanza upya na ileile, nami nitamwona tena kesho kutwa. Sikilizeni. Bakteria, yaani kijidudu cha ugonjwa, ana ukuta wake. Dawa hii humzuia kuujenga, naye hupasuka akafa. Walio dhaifu hufa kwanza, ndiyo maana Twiga aliona nafuu. Ukikatiza, wagumu waliobaki huzaana, na wanaozaliwa huwa wagumu vilevile. Hata unga wako kisiginoni haukuponya kitu. Uliwaonjesha bakteria dawa kidogo, isiyowamaliza, wagumu wakapata nafasi ya kuzaana. Wakishakuwa sugu, humwambukiza mtu mwingine, na dawa haimsaidii huyo pia."

Alikiosha kidonda kwa maji na sabuni, akakifunga bandeji.

Njiani nilimuuliza Twiga kwa nini hakunisema.

"Niliogopa ungezidi kunichukia," alisema.

Mama alitusikia. Akasimama katikati ya njia.

"Umesikia? Mwenzio anaumwa, na bado anakulinda. Dawa nilimpa kwa sababu anaumwa, si kwa sababu nampenda kuliko wewe. Ungeniambia kisigino kinauma, ningekiosha siku ileile. Kikiuma kitu, iwe mguu au roho, niambie mimi. Usimwadhibu mtu asiye na kosa."

Safari hii Twiga alimeza dozi yote, siku zote saba, ingawa siku ya tatu tu alikuwa ameshaanza kuimba. Alipopona, mwalimu akampa tena nafasi ya ufungaji. Iliniuma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, nikamwambia mama.