Deki Iliyolala Macho

Kila alasiri, akitoka shule, Leyla alifagia zahanati ndogo ya kijiji chao, mwendo mfupi kutoka Masalani. Mama yake, Zeinab, ndiye aliyekuwa muuguzi. Mwaka huo wa 1997 mafuriko yalikata barabara zote, na hospitali ya Garissa ikawa inapatikana kwa redio ya mawasiliano tu. Redio na deki ya video ya mafunzo ya afya zilitumia betri moja. Betri ilichajiwa kwa jua, na jua lenyewe lilikuwa limeadimika.

"Ukimaliza kutazama, chomoa waya kwenye betri," Zeinab alisema, akitoka kwenda kumwona mgonjwa.

"Sawa, hooyo," Leyla akajibu, akimwita mama kwa Kisomali.

Leyla alitazama kanda ya harusi ya binamu yake, kisha akabonyeza kitufe cha kuzima. Picha ikatoweka. Taa nyekundu ya deki ikabaki ikiwaka, naye akaondoka kwenda kucheza.

"Umechomoa?" mama aliuliza aliporudi nyumbani.

"Ndiyo," Leyla alijibu. Uvivu wa kurudi zahanati ulimshinda.

Asubuhi Guleid, jirani yao, alimleta mkewe Osob kwa mkokoteni wa punda. Osob alikuwa mjamzito, na damu ilikuwa haikatiki. Zeinab akashika redio. Kimya. Akagusa deki, ilikuwa na joto. Akamgeukia binti yake.

"Sikuchomoa, hooyo. Nilikudanganya."

"Kimbia kwa Kulow! Lori lake limekwama topeni. Mwambie alete betri!"

Leyla alikimbia, maji yakimfika kiunoni. Kulow, mfanyabiashara wa mbuzi, hakuuliza mengi. Aliifungua betri, akaibeba kichwani.

Redio iliita Garissa, na ndege ikaja. Osob aliokoka. Lakini mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya ndege kutua, na hakulia.

Baada ya maziko Leyla hakuweza kula.

"Hooyo, ni mimi niliyemuua?"

Zeinab akaketi mbele yake. "Uhai ni wa Allah. Sijui kama angeishi. Ila muda tuliopoteza, wewe ndiye uliyeupoteza. Deki ile haizimwi kwa kitufe. Hulala macho, ikinyonya betri. Hukujua hilo, na kutojua si kosa. Kosa ni kusema umefanya jambo ambalo hukulifanya. Nilikuamini, mwanangu, ndiyo maana sikwenda kuangalia."

Leyla akainamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

"Jifunge shungi," mama akasema, akimshika mkono. "Tunakwenda kwa Guleid. Utamweleza wewe mwenyewe, na mimi nitakuwa kando yako."