Daftari Lisilo na Pengo

Mwanzoni mwa mwaka 2007, kila jioni nikishateka maji na kufungia kuku, nilitoka nyuma ya jikoni yetu pale Kiminini nikiwa na daftari, kalamu na saa ya mezani ya baba. Nilitazama upande wa Bungoma, kushoto mwa Mlima Elgon, jua linakozama. Likishatoweka, niliandika saa. Mbingu ikawa rangi ya machungwa, kisha zambarau, na zambarau ilipokwisha niliandika saa tena. Dakika zilizopita hapo katikati ndizo zilizokuwa kipimo cha siku.

Kazi hiyo alitupa Mwalimu Cherop, mwalimu wa sayansi wa darasa la saba. Alitueleza kwamba mlima wa moto ulikuwa umelipuka mbali sana, visiwani katika bahari ya Pasifiki, na gesi yake ikapanda juu kupita mawingu. Huko iligeuka matone madogo mno.

"Mvua hainyeshi huko juu, kwa hivyo hakuna cha kuyaosha," alisema. "Yanakaa miezi. Jua likishazama kwetu, bado linayamulika, ndiyo maana mnaona zambarau. Matone yakiwa mengi, zambarau hukaa dakika nyingi zaidi. Kuna setilaiti inayoyapima. Inatazama ukingo wa dunia kutoka ubavuni. Si mmeona mwale wa jua ukipenya tundu la bati jikoni? Vumbi linaonekana kwa kuwa linatawanya mwanga. Mwanga ukitawanyika zaidi, vumbi ni zaidi. Setilaiti nayo inapima vivyo hivyo."

Tulichaguliwa wawili tupime kwa siku thelathini: mimi, Nabwile, na Kamaljit, binti wa Mzee Harnam mwenye hadiwea, duka la misumari na mabati. Mwenye daftari bora angezungumza mbele ya shule nyingine kwenye maonyesho ya sayansi Bungoma. Mwenzake angemshikia karatasi.

Nami niseme ukweli: nilimwonea Kamaljit wivu mkubwa. Alikuwa na saa ya mkononi inayoonyesha hata sekunde. Hati yake ilipendeza. Kibukusu, lugha ya kwetu, alikizungumza vizuri hadi nyanya yangu akawa anamwita mjukuu. Nyanya yangu mwenyewe! Mwalimu alipomsifu akisema chanda chema huvikwa pete, nilitazama vidole vyangu nikaviona vyote vibaya.

Shida ni kwamba huo ndio wakati wakulima wetu huchoma mabua ya mahindi kabla ya kulima. Jioni nyingi moshi ulitanda nisione zambarau wala nini. Mara ya kwanza niliandika "Sikuona." Nikaitazama ile nafasi nikawaza jinsi Kamaljit atakavyonipita. Nikafuta, nikaandika dakika ishirini na sita. Jioni nyingine ya moshi nikaandika ishirini na nane. Nilizidi kuzipandisha, maana namba kubwa hupendeza. Hadi siku ya thelathini, nilikuwa nimebuni kumi na tatu.

Mwalimu Cherop alikuwa akilala Kitale, kwa hivyo moshi wetu wa jioni hakuujua. Alipofungua madaftari, la Kamaljit lilikuwa na "Sikuona" mara kumi na tatu. Langu halikuwa na pengo hata moja.

"Nabwile ndiye atakayezungumza," alisema. Nilifurahi kupita kiasi.

Kamaljit alinifuata nje akiwa ameliona daftari langu.

"Nabwile, tarehe sita Februari uliona zambarau wapi? Si tulikuwa sote tukibeba maji, moto uliporukia shamba la Mzee Mukhisa?"

"Wewe una wivu tu, bana," nilimjibu. Yaani mimi ndiye niliyesema hivyo. Alinitazama, akaenda zake, wala hakumwambia Mwalimu.

Siku za mwizi ni arobaini. Kule Bungoma meza yetu ilikaguliwa na Daktari Gathoni, mtafiti wa anga kutoka Nairobi. Alikuja na karatasi ya vipimo vya setilaiti, akailaza kando ya daftari langu.

"Ajabu," alisema. "Tarehe sita Februari setilaiti haikuona badiliko lolote, lakini wewe una dakika thelathini na tisa." Akamgeukia Kamaljit. "Na wewe siku hiyo hukuona kitu? Si mnaishi mji mmoja?"

"Kulikuwa na moshi, Daktari."

"Mwenzako huenda alikosea saa, lakini alitoka nje akaona. Mapengo kumi na tatu ni mengi, binti. Pengine ulichoka kutoka nje." Akalisukuma daftari la Kamaljit pembeni.

Kamaljit aliinama. Niliona machozi yakimlengalenga, na bado hakunitaja. Haya ndiyo niliyokuwa nikiyaombea mwezi mzima, Kamaljit adharauliwe mbele ya watu nami nisifiwe. Nilingoja furaha ije. Haikuja. Niliona aibu tu.

"Daktari, nimedanganya," nilisema. "Moshi ulikuwepo. Hizo kumi na tatu nilizibuni."

Mwalimu Cherop alifumba macho. Daktari Gathoni alifunga daftari langu.

"Lakini kumi na saba ni za kweli," nilisema kwa haraka. "Nilisimama nje nikapima."

"Nitajuaje? Uwongo wako umezichafua na hizo za kweli. Siwezi kuzichukua."

Nililia. Kila jioni niliyosimama nyuma ya jikoni ilikuwa imepotea. Ndipo Kamaljit akavuta daftari lake, akalifungua kando ya langu.

"Daktari, siku ambazo mimi niliona, na yeye aliona. Tuzilinganishe."

Walizisoma moja moja. Zote kumi na saba zilitofautiana kwa dakika moja au mbili tu, na zilipanda na kushuka pamoja na zile za setilaiti.

"Nisamehe, Kamaljit," Daktari alisema. "Nimekuhukumu vibaya. Hata setilaiti ina siku isizoona, na siku hizo inaacha nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo inayonifanya niziamini namba zake nyingine." Akanigeukia. "Nabwile, namba zako za kweli zimeokolewa na ukweli wa mtu uliyetaka kumshinda. Usipojua, sema hujui. Mtu anayekubali kusema hivyo, akisema anajua, tutamwamini."

Alinipa kalamu. Niliandika "Sikuona" mara kumi na tatu mahali pa namba za uwongo, Mwalimu akiwa amesimama kando yangu.

Kamaljit ndiye aliyezungumza. Alipopigiwa makofi roho iliniuma tena, sitaficha. Hata hivyo niliinua karatasi yake juu zaidi, ili waliokaa nyuma nao waone.