Mama Ana Viatu

Siku ya mwisho ya kupeleka fomu huwa haina staha. Duka la fotokopi linalotazamana na geti la chuo lilikuwa limejaa wanafunzi mpaka nje, viwiko vinachoma mbavu za watu, jasho linanuka, na mashine kuukuu inatema karatasi zenye mistari myeusi. Karibu wote walikuwa wanakimbilia kitu kimoja: ufadhili wa mwaka wa mwisho kwa wanafunzi wa uandishi wa habari. Nafasi zilikuwa kumi. Waombaji, we acha tu.

Katikati ya msukumano huo alisimama msichana mwenye blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, kola yake imeshonwa na mtu anayejua kazi. Wino wa kalamu yake ulikuwa umekatika ukurasa wa tatu. Fomu ilisema kalamu nyeusi tu, si bluu, si penseli.

"Shika hii, dada," alisema kijana aliyekuwa nyuma yake. Alivaa shati la mistari, mikono ameikunja, kamera inaning'inia begani.

Msichana akaipokea, akaigeuza. Mfuniko ulikuwa umetafunwa mpaka umebonyea.

"Hii ina mate."

"Ina na wino pia."

"Unakula kalamu, kaka?"

"Nikiwa na mawazo tu. Andika, foleni inasogea."

Akaizungushia kipande cha karatasi laini, akaandika huku midomo kaikunja, kisha akaipangusa mara mbili kabla ya kuirudisha. Kijana akacheka mpaka mwenye duka akageuka.

"Ahsante, Bibi Usafi."

Jina likamganda. Na yeye kijana, chuo kizima kilimwita Lenzi. Alikuwa amemaliza masomo mwaka uliotangulia na sasa anapiga picha za video kwa yeyote mwenye kazi; siku hiyo alikuja kutoa nakala za vyeti vyake. Kabla foleni haijafika kaunta walikuwa wameshapeana namba za simu. Msiseme nimeharakisha, wao ndio waliharakisha.

Zikaanza simu.

"Umekula, Bibi Usafi?"

"Nimekula. Wewe leo umemaliza kalamu ngapi?"

"Mbili na nusu. Nakuwaza."

"Usinisingizie mimi, mpenzi, hiyo ni tabia yako."

Wakicheka hivyo, kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la kucheka. Bibi Usafi alilelewa na mama yake peke yake, fundi cherehani, na mama huyo alikuwa ameshauza cherehani moja kati ya mbili ili binti afike mwaka wa tatu. Ile iliyobaki ndiyo iliyowalisha.

"Nikikosa ufadhili huu," alimwambia Lenzi, "mwaka wa mwisho sisomi. Nitakaa nyumbani nishone vifungo."

"Utapata."

Na kweli akapata. Jina lake lilitoka la saba kwenye orodha. Siku hiyohiyo Lenzi naye akapiga simu na habari yake: Mfuko uliotoa ufadhili ulikuwa umemkodi awarekodi wanafunzi wote kumi na familia zao, filamu ikaonyeshwe kwa wafadhili siku ya hafla.

"Kwa hiyo nyumbani kwetu utakuja wewe?"

"Mimi na Mratibu wa Mfuko. Jumanne."

"Jumanne nina mtihani. Basi mpige Mama picha vizuri, tafadhali. Ameshona gauni jipya la bluu, lina marinda, na amenunua viatu. Hajalala vizuri kwa furaha."

"Mama mkwe nitampiga mpaka apendeze kuliko wewe."

"Nani kakwambia ni mkwe wako?"

"Kamera haidanganyi, mpenzi."

Ilidanganya, tena mchana kweupe. Wiki iliyofuata Mratibu aliituma filamu kwenye kikundi cha simu cha wanafunzi kumi, na Bibi Usafi akaifungua kwenye korido ya chuo, wenzake wamemzunguka. Alitafuta gauni la bluu, hakuliona. Aliona mfereji wa maji machafu nyuma ya nyumba ya jirani, na pembeni yake ndoo iliyopinduliwa. Juu ya ndoo ameketi mama yake, miguu mitupu, gauni la kahawia limetoboka begani na magotini, anashona kitambaa kwa sindano ya mkono kama mtu ambaye hajawahi kuona cherehani. Nzi wanatua shavuni mwake. Analia. Halafu ikaingia sauti nzito ya kukodi: "Mama huyu hana kitu, ila tumaini."

Alikimbilia chooni akatapika. Na mimi ninayesimulia sifichi, nilikasirika. Mfuko unasomesha watu waje kusema ukweli, halafu kazi yake ya kwanza ni kumpaka matope mama wa mtu ili waheshimiwa watoe machozi na mifuko yao ifunguke. Huruma ya namna hiyo inanuka kuliko ule mfereji.

Akapiga simu.

"Mpenzi, nilitaka nikwambie kabla haija..."

"Ulikuwepo Mama akivua viatu?"

Akasikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Nakuuliza, Lenzi."

"Nilikuwepo."

"Na kamera ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Mwaka wa kwanza, somo la kwanza, tunaambiwa usisogeze hata kiti kwenye picha ya habari. Wewe umemsogeza mama yangu mpaka mferejini."

"Naomba tuonane."

"Una la kujitetea? Sema hapahapa."

"Sina."

"Basi sauti yako inanichefua. Usinipigie tena."

Hakumpigia. Alimtumia ujumbe mmoja tu, "Nisamehe," na Bibi Usafi akaufuta. Nyumbani alimkuta mama yake anashona mapazia ya mteja na hakuweza kumuuliza kitu, kwa aibu asiyoijua ni ya nani. Mama naye hakusema. Wakala chakula wakitazama sahani.

Siku tisa zikapita hivyo. Siku ya kumi Mratibu akatuma barua ya kutia sahihi: mwanafunzi anakubali filamu ionyeshwe popote. Bibi Usafi akaifungua filamu kwa mara ya pili, safari hii amejifungia chumbani, amedhamiria kuitazama mpaka mwisho kama mwandishi anayekagua kazi. Akaisimamisha kwenye goti. Akaikuza picha.

Nguo iliyochanika yenyewe hufumuka, nyuzi zinaning'inia. Tundu hili halikuwa na uzi hata mmoja. Ukingo wake ulikuwa na meno meno madogo, yamefuatana sawasawa, yote ukubwa mmoja. Binti wa fundi hahitaji darasa hilo. Ule ulikuwa mkasi wa meno, ambao mafundi hukatia kitambaa kisifumuke, na mtaa mzima alikuwa nao mtu mmoja tu.

Akatoka na simu mkononi mpaka sebuleni. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali.

"Mama, gauni ulikata mwenyewe."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani kakwambia?"

"Mkasi wako."

Mama akaitazama ile picha, akasonya taratibu. "Sasa ningelikata hovyo lifumuke? Gauni zima lile. Nilitaka kulitia viraka wakishaondoka."

"Mama, kwa nini?"

"Yule Mratibu aliingia hapa akaangalia makochi, akaangalia cherehani, akakunja uso. Akasema nyumba hii haifai, wafadhili hawatamwonea huruma mtu mwenye makochi. Toa hiki, toa kile, vaa nguo iliyochakaa. Nikamwambia mimi fundi, sina nguo iliyochanika. Kijana wako akauliza kama masikio yake yanasikia sawasawa. Akaifunga kamera kwenye mkoba, akaelekea mlangoni."

"Lenzi alikataa?"

"Alikataa kabisa. Mimi ndiye niliyemkimbilia nikamshika mkono. Nikamwambia, baba, ukivuka mlango huu mwanangu hasomi. Akarudi, akapiga, macho ameyageuzia ukutani. Nikamwapisha asikwambie, maana nakujua, ungekataa ufadhili."

Bibi Usafi akakaa chini sakafuni, pale penye vipande vya vitambaa.

"Unanionea kinyaa?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si wewe, Mama."

"Maana machozi ni yangu. Cherehani nimeuza, machozi yalikuwepo, nikayatoa. Sioni aibu kwa hilo."

Binti alitaka kusema kitu, simu ikaita. Alikuwa Mratibu. Akaiweka kwenye spika.

"Binti yetu, barua yako bado hatujaipata. Na jambo moja dogo: siku ya hafla, mama aje na lile gauni la kwenye filamu. Wafadhili wamtambue. Viatu tutampa pale jukwaani, mgeni rasmi atamvalisha mwenyewe. Itapendeza sana kwenye picha."

Bibi Usafi alifungua mdomo akatae palepale. Lakini kichwani mlikuwa na mambo mawili yanagombana, na msomaji anayajua: cherehani iliyouzwa, na mwaka mmoja tu uliobaki. Akisema ndiyo, anasoma. Akisema hapana, machozi ya mama yamekwenda na maji ya mfereji.

"Barua sitaitia sahihi," alisema. "Filamu ile ni ya uongo. Nikiulizwa nitasema."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Nafasi yako kuna watu mia mbili wanaililia. Nitampa mwingine kesho asubuhi."

Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mpe," alisema. "Na mama yake mwambie aje na viatu vyake."

Akakata. Wakatazamana. Halafu mama akarudisha mguu kwenye pedali akaendelea na mapazia, kwa kuwa mteja alikuwa anakuja saa kumi.

"Mpigie yule kijana," alisema bila kugeuka. "Kiapo nimemfungulia."

Lenzi alipokea kabla simu haijaita mara ya pili.

"Kwa nini hukuniambia?" Bibi Usafi aliuliza.

"Kwa hiyo mama amesema."

"Mkasi umesema. Nimekuuliza, kwa nini?"

"Mwaka wa kwanza, somo la pili. Mtu akikwambia jambo la siri, humtaji."

"Yule ni Mama."

"Ndiyo maana nilikaza zaidi."

Bibi Usafi akafuta macho kwa kipande cha pazia. "Usifikiri nimekusamehe. Kile kitufe ulikibonyeza wewe."

"Nilikibonyeza. Na mimi najichefua. Tangu siku ile hakuna kinachopita kooni."

"Hata kalamu?"

"Hata kalamu, mpenzi."

Hapo akacheka, bila kutaka. Kisha akauliza swali la kazi. "Rekodi nzima unayo? Kabla ya kukatwa?"

"Ninayo. Kinasa sauti kilikuwa tayari kwenye kifua cha mama tangu alipovaa gauni la bluu. Kila neno la Mratibu limo."

Waliiandika pamoja, yeye maneno, Lenzi picha, na mama akakubali jina lake la kazi, lile wateja wanalomwita, litajwe. Waliwatafuta wale wengine tisa. Saba walikataa kuzungumza, na sitawalaumu, ada ni ada. Wawili walikubali. Mmoja baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa ameambiwa avue miwani kwa sababu masikini hasomi. Habari ikatoka kwenye gazeti la chuo, ikasambaa simu kwa simu. Hafla ikaahirishwa, Mratibu akapewa likizo ndefu, na Mfuko ukatoa tamko refu lisilo na samahani ndani yake. Ufadhili haukurudi. Lenzi akanyimwa kazi za aina ile kila alipobisha hodi, na Bibi Usafi akakaa nyumbani muhula mzima akishona vifungo, kama alivyosema mwenyewe.

Mwaka uliofuata duka la fotokopi likajaa tena. Safari hii Lenzi alikuwa nyuma ya kaunta, amepangishwa kona na mwenye duka, anapiga picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe. Bibi Usafi aliingia na fomu mpya ya mfuko mwingine, amevaa gauni la kahawia. Begani na magotini palikuwa na viraka vya bluu vilivyoshonwa kwa ustadi mpaka vikawa urembo, na wasichana wawili kwenye foleni walishamuuliza limeshonwa wapi.

Akainamia kaunta kujaza. Lenzi akasoma juu ya bega lake.

"Ukurasa wa tatu. 'Eleza hali ya dhiki ya familia yako kwa maneno yasiyozidi mia mbili.' Utaandika nini?"

Aliandika: *Mama yangu ni fundi cherehani. Ana viatu. Naomba ufadhili kwa sababu najua kazi hii, na habari niliyoandika nimeiambatanisha.*

"Hayajafika hata thelathini."

"Yametosha."

"Umeruka sehemu moja, ukurasa wa kwanza. Hali ya ndoa."

"Hiyo si unaijua? Sijaolewa."

Lenzi akajikuna shingo. Mteja wake wa picha alikuwa ameketi mbele ya shuka, anasubiri, kidevu juu. Akamwacha hapo.

"Hiyo," alisema, "iandike kwa penseli, haitakaa hivyo sana."

Bibi Usafi aliinua kichwa. Foleni ilikuwa inasukumana, mashine inapiga kelele, na mtu fulani nyuma anauliza huyu dada anamaliza lini.

"Fomu inasema kalamu nyeusi tu."

"Najua."

"Basi lete hiyo penseli."

Lenzi aliitoa mfukoni mwa shati. Ilikuwa imetafunwa mwisho mzima, na bado ina unyevu. Bibi Usafi akaiangalia, akakunja uso, akaipangusa kwenye mkono wa shati la Lenzi, mara moja tu. Kisha akaandika.